Pendekezo langu la mada limekataliwa, niende kongamano kama msikilizaji au nibaki tu?

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Naomba niwaelezee kidogo halafu mnishauri maana kichwa kimejaa.

Kuna kongamano kubwa la watengenezaji programu ambalo nimelifuatilia kwa muda mrefu sana, mwaka huu nikasema acha na mimi nitume pendekezo. Mada yangu ilikuwa namna ya kubadilisha muundo wa databesi kubwa bila kuzima huduma, hii ndo kazi yangu ya kila siku naijua nje ndani. Jana usiku imeili imeingia, tunashukuru kwa pendekezo lako, tumepokea mapendekezo mengi mazuri kuliko nafasi zilizopo, kwa bahati mbaya na nini na nini, mnazijua hizo imeili. Hakuna sababu hakuna alama, halafu chini kabisa wameweka linki ya kununua tiketi. Kiukweli ile linki imeniuma kuliko hata kukataliwa kwenyewe.

Sasa mazingira yako hivi. Ningekubaliwa tiketi ingekuwa bure na malazi wangechangia. Ofisini bosi alishasema kampuni inamlipia anayewasilisha tu, anayeenda kusikiliza ajitegemee. Bei ya mapema ya tiketi inaisha wiki ijayo. Na nimeangalia ratiba waliyotoa, kuna mtu kapewa nafasi na mada yake inakaribiana na yangu kabisa, yaani nikiwaza nimekaa kwenye kiti namsikiliza anaeleza kitu ambacho mimi nakifanya kila siku, roho inakataa. Upande mwingine kuna watu watakuwepo kule ambao nimekuwa nikisoma kodi zao (code za programu) na maandishi yao miaka yote na sijawahi kuongea nao hata neno moja.

Kwa waliowahi kupitia hii kitu mlifanyaje? Na je ni sawa kuwaandikia waandaaji kuuliza kwanini, au nitaonekana msumbufu?

#2

Pole sana mkuu. La kwanza usiamue leo, bado lina moto. Lala hata siku mbili, kama bei ya mapema inaisha wiki ijayo basi muda upo.

#3

Mimi nakushauri usiende na nina sababu, sio hasira.

Makongamano mengi ya programu siku hizi yanarekodiwa, mada zinawekwa mtandaoni bure unaziangalia kwako unarudisha nyuma pale ambapo hujaelewa. Piga hesabu ya tiketi nauli malazi na chakula, na kama ni nje ya nchi ongeza viza, halafu ongeza siku za likizo ambazo unazikata kwasababu ofisi haikutambui kama uko kazini. Hiyo hela ukiiweka kwenye kujifunza kitu kwa miezi kadhaa inakupeleka mbali. Ukiwa mtoa mada watu wanakufuata wenyewe, ukiwa msikilizaji tena ambaye hujui mtu utazunguka na begi lako unasubiri mada inayofuata, jioni unarudi hotelini peke yako. Nimeyaona haya.

Subiri mwakani utume tena.

#4

Nimekaa kwenye kamati za kuchagua mada kwa miaka kadhaa kwenye makongamano tofauti, makubwa na madogo, kwahiyo naomba niongee kwa urefu kidogo maana watu wengi wanaopokea ile imeili wanaitafsiri kwamba kazi yao ni mbovu, na mara nyingi sivyo inavyokwenda huko ndani.

Hatua ya kwanza wahakiki wanasoma mapendekezo na kuyapa alama, mara nyingi majina yamefichwa. Hapo yale mabovu kweli yanaondoka na hayana mjadala. Yale mazuri sana nayo yanapita bila mjadala. Kinachobaki ni rundo kubwa la katikati, mapendekezo mazuri ambayo alama zake zimepishana kidogo sana, na nafasi zilizobaki hazitoshi hata robo yake. Hapo ndipo kamati inaacha kuangalia pendekezo moja moja na kuanza kuangalia ratiba nzima. Databesi zimekuja ngapi? Tumeshachukua mbili, ya tatu inatoka hata kama ni nzuri kuliko mada ya usalama ambayo imekuja peke yake. Wanaoanza tumewawekea nini? Huyu wa ngazi ya juu sana atajaza ukumbi? Kwahiyo mleta uzi uliposema kuna mtu kapewa nafasi na mada inayokaribiana na yako, hiyo inaweza kuwa ndo sababu yenyewe. Mlikuwa wawili kwenye kiti kimoja.

Na hata hizo alama zenyewe zina bahati ndani yake. Mwaka 2014 kongamano la NIPS, ambalo sasa linaitwa NeurIPS, la watu wa akili bandia, lilifanya jaribio ambalo kila anayetuma pendekezo angepaswa kulijua. Walichukua makala 166 wakazipeleka kwa kamati mbili tofauti, hakuna kamati inayojua nyingine imeamua nini. Kamati zilipishana kwenye makala 43. Mtu akisikia hivyo anasema mbona robo tu, lakini kumbuka waliokuwa wanakubaliwa ni chini ya robo ya wote, kwahiyo ukichukua zile tu ambazo kamati moja ilizikubali, zaidi ya nusu yake kamati nyingine ilizikataa. Makala ileile, kongamano lilelile, mwaka uleule. Na hao ni watu wanaosoma makala nzima yenye majedwali na ushahidi, sisi tunasoma aya mbili tatu za maelezo.

Sasa swali lako la kuwaandikia. Andika, hakuna anayekasirika ukiandika kwa adabu. Ila usiulize kwanini mmenikataa, hilo swali linamfanya mtu ajitetee. Uliza kama wahakiki waliacha maoni yoyote ambayo yanaweza kukusaidia kuboresha kwa mwakani. Halafu ongeza sentensi moja ambayo watu karibu wote wanaisahau: kwamba kama kuna mtoa mada atajitoa, wewe uko tayari kuziba nafasi hata kwa taarifa ya muda mfupi. Watoa mada wanajitoa sana. Viza zinakwama, mtu anaugua, anabadilisha kazi. Waandaaji wakibaki na shimo kwenye ratiba siku chache kabla, wanamtafuta mtu ambaye tayari amesema nitakuwepo.

Kama hutajali bandika hapa yale maelezo uliyotuma tuyaone.

#5 – Mleta uzi

Mkuu #4 nashukuru sana, hii ya kamati mbili sikuwahi kuisikia. Maelezo niliyotuma haya hapa, aya ya kwanza:

"Databesi ni moyo wa mfumo wowote wa kisasa. Kadiri biashara zinavyokua, mahitaji ya kubadilisha muundo wa data yanaongezeka. Katika mada hii nitaelezea umuhimu wa kufanya mabadiliko kwa usalama, changamoto zinazojitokeza na mbinu bora za kukabiliana nazo. Washiriki wataondoka na uelewa mpana wa suala hili."

Aya ya pili nilijieleza mimi ni nani na uzoefu wangu.

#6 – (#4 tena)

Asante kwa kuweka. Nakwambia kama ninavyomwambia mtu wangu wa karibu, usichukulie vibaya.

Hiyo aya ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kugusa databesi. Mimi nimesoma uzi wako nikajua unaijua kazi, lakini mhakiki hakusoma uzi wako, kasoma hiyo aya akiwa na mapendekezo mengine mamia yanamsubiri, na majina yakiwa yamefichwa ile aya yako ya pili ya uzoefu huenda hata hakuonyeshwa. Sentensi ya kwanza kila mtu anaijua. "Changamoto" zipi? "Mbinu bora" zipi? Hapo hakuna kitu cha kushika.

Niambie kitu kimoja ambacho kilishawahi kukusumbua kazini kwenye hii mada.

#7 – Mleta uzi

Vipo vingi. Mfano PostgreSQL (aina ya databesi), ukijenga indeksi, yaani ile orodha inayoisaidia databesi kutafuta haraka, kwa amri ya kawaida jedwali linafungwa, watu wanasoma lakini hawawezi kuandika mpaka imalize, na jedwali likiwa kubwa hiyo inaweza kuchukua muda mrefu sana. Ukiongeza neno CONCURRENTLY kuandika kunaendelea kama kawaida lakini sasa huwezi kuiweka ndani ya muamala (transaction, mabadiliko yanayopita yote au yanafutwa yote), na zana nyingi za kusukuma mabadiliko zinafunga kila kitu ndani ya muamala bila kukuuliza. Halafu ikifeli katikati inakuachia indeksi mbovu ambayo hoja zako (queries za kutafuta data) haziitumii lakini kila ukiandika inaendelea kulipiwa gharama, mpaka uigundue na kuifuta mwenyewe. Kuna timu zinaishi na hizo indeksi bila kujua.

#8 – (#4)

Umeona? Hiyo ndo ilikuwa aya yako ya kwanza. Ichukue kama ulivyoiandika hapa, weka "nitaonyesha moja kwa moja namna ya kuzigundua indeksi mbovu, namna ya kuziondoa na namna ya kupanga mabadiliko ili yasikwame katikati", weka nani mada inamfaa (mtu anayeendesha databesi iliyo hai, sio anayejifunza kuandika hoja), weka dakika zako zitagawanyika vipi. Hapo mhakiki anakuona ukiwa jukwaani tayari. Na kiukweli hata kichwa cha mada kimetoka humo humo, indeksi ambazo hazifanyi kazi lakini zinakula.

#9

Naomba niongee kama mtu niliyekwenda baada ya kukataliwa, maana #3 kasema atazunguka na begi peke yake na hiyo inaweza kutokea kweli.

Asubuhi ya siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Watoa mada wanavaa kitambulisho cha rangi tofauti, kila ukigeuka unakiona, na swali la kwanza ambalo watu wanaulizana ni unawasilisha nini. Nilijiandaa jibu mapema, nikawa nasema siwasilishi mwaka huu, nimekuja kwasababu ya kitu fulani, na nakitaja kile kitu. Hapo maongezi yanaondoka kwenye nani kakubaliwa yanakwenda kwenye kazi. Watu wengi niliowajibu hivyo waliniambia wao pia walituma wakakataliwa. Tulikuwa wengi mle ndani kuliko nilivyodhani, na ukiwaza ni lazima iwe hivyo maana wanaotuma ni wengi kuliko wanaopita.

Ile mada inayofanana na yangu niliingia kuisikiliza. Niliingia nimekaza moyo, sitaki kusema uongo. Kufika katikati nikaona anapita juu ya sehemu ambayo ndo iliyonitesa mimi kazini. Wakati wa maswali sikunyanyua mkono kumuonyesha kwamba najua, nilimsubiri ameshuka watu wamepungua, nikamwambia nimefanya kazi hiyohiyo na nilikwama hapa na hapa, wewe ulipitaje? Akavuta kiti. Tulikaa pale mpaka mada iliyofuata ikaanza na kuisha. Tukabadilishana namba, mpaka leo tunatumiana kodi tunakosoana. Hicho kipande hakipo kwenye video yoyote.

Kwahiyo mdogo wangu mleta uzi, mimi kipimo changu ni hiki: andika majina ya watu unaotaka kuonana nao na mbele ya kila jina andika swali ambalo unataka kumuuliza. Kama maswali yapo na huwezi kuyapata majibu kwa kusoma, nenda. Kama karatasi imebaki tupu, kaa na hela yako kama #3 alivyosema, hapo yuko sahihi. Kukubaliwa kuongea ni uamuzi wa kamati, kwenda au kutokwenda ni jambo jingine kabisa na linaamuliwa na kazi yako. Wewe kwa sasa umeyafunga pamoja ndo maana linauma hivi.

#10

Nakazia alichosema dada #9 kwa mfano mmoja wa kweli.

Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, akiwa CERN (kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva) alituma makala kwenye kongamano la Hypertext '91 lililofanyika San Antonio, Texas, mwezi Desemba. Makala inahusu wavuti, hii hii tunayotumia sasa hivi. Ikakataliwa. Walichokubaliwa ni kuja kuonyesha mfumo wao ukifanya kazi, yaani kusimama mezani na kompyuta watu wapite waone. Angeweza kukasirika akabaki zake Geneva. Alienda, yeye na mwenzake Robert Cailliau, na pale hotelini intaneti hakuna, ikabidi wahangaike kupata njia ya simu kupitia chuo kikuu cha jirani ili waonyeshe kitu kinachohitaji mtandao kwa watu wasio na mtandao. Miaka miwili baadaye kwenye kongamano hilohilo wavuti ilikuwa imejaa kwenye maonyesho, na mwaka 1994 wavuti ikawa na kongamano lake yenyewe la kimataifa, hapo hapo CERN.

Sisemi kila aliyekataliwa anacho kitu cha namna hiyo mkononi. Ninachotaka uone ni ule mlango wa pembeni. Karibu kila kongamano linao, sehemu ya mabango, meza za maonyesho, vikao vya wenye jambo moja ambavyo unajiandikisha ukutani siku hiyohiyo, na zile mada fupi za dakika tano ambazo jamii ya Perl (lugha ya programu) ilizipa jina la lightning talks mwaka 2000 zikasambaa kila mahali. Dakika tano za hiyo habari ya indeksi mbovu zinatosha kabisa, tatizo moja, amri moja ya kuligundua, amri moja ya kuliondoa, umeshuka. Angalia tu wanajiandikishaje maana kwengine nafasi zinajaa asubuhi na mapema.

#11

Upande wa hela na bosi.

Mleta uzi, bosi wako kasema analipia anayewasilisha kwasababu hiyo ndo faida anayoiona kwa macho. Mpe nyingine anayoiona. Usimwambie nitajifunza mengi, mwandikie nusu ukurasa: tuna tatizo hili na hili, kwenye ratiba kuna mada hizi zinazoligusa na watu hawa walioandika zana tunayotumia, nikirudi nitaandaa kikao nieleze timu nzima na nitaandika nini tubadilishe. Omba hata nusu, tiketi walipe wao nauli ujilipie, au wakupe zile siku zihesabike za kazi zisikatwe kwenye likizo. Siku tu zikihesabika za kazi mzigo unapungua sana. Mimi bosi alikataa nauli akakubali siku na tiketi, nikaenda.

Kingine waulize waandaaji kuhusu msaada wa fedha, makongamano mengi ya jamii za programu huria kama PyCon (la watu wa lugha ya Python) yana mfuko wa kuwasaidia wahudhuriaji na sio lazima uwe unawasilisha. Tarehe ya mwisho ya kuomba huo msaada mara nyingi haiendani na tarehe ya majibu ya mada, iangalie leo leo. Kujitolea nako kupo, unasimama mapokezi au unashika maiki ukumbini kwa zamu, tiketi wanakupa, na anayeshika maiki anajuana na watoa mada wote bila kutafuta.

Kama ni nje ya nchi hakikisha barua ya mwaliko wanampa pia msikilizaji, na usilipie hoteli isiyorudisha hela kabla viza haijatoka. Hapo watu wameumia sana.

#12 – (#3 tena)

Nimesoma yote. Bado nasimama kwamba mtu asikope hela kwa ajili ya kwenda kusikiliza, hapo sitetereki. Lakini kama siku zitahesabika za kazi na tiketi ikapatikana kwa kujitolea hesabu inabadilika, na kile kipimo cha karatasi na majina nimekipenda. Mimi niliwahi kwenda bila hata jina moja kichwani, nilifuata jina la kongamano tu, na ndo maana nilirudi vile.

Na jambo jingine nikuongezee mleta uzi, ukienda usijaze ratiba asubuhi mpaka jioni. Zile mada zitarekodiwa kama nilivyosema, kwahiyo ruka baadhi kwa makusudi ukakae nje pale watu wanapokunywa chai.

#13 – Mleta uzi

Wakuu nimekaa kimya kidogo nilikuwa nafanyia kazi.

Karatasi nimeandika. Majina yametoka sita, maswali ya kweli yametoka manne, mengine mawili nimegundua ningeweza kuyasoma kwenye nyaraka. Katika hao wanne mmoja ni huyo huyo aliyechukua nafasi ya mada yangu, maana nimeenda kuangalia kazi zake na kuna kitu anakifanya kwenye kuhamisha data kwa mafungu ambacho sijaelewa anazuiaje mafungu yasigongane.

Waandaaji nimewaandikia kama #4 alivyonielekeza, wamejibu haraka kuliko nilivyotarajia. Maoni ya wahakiki wamenitumia, ni mistari miwili tu, mmoja kaandika mada ni muhimu lakini haieleweki mtoa mada ataonyesha nini hasa, wa pili kaandika tayari tuna nyingine ya eneo hili. Yaani kama mlikuwa mmekaa nao. Kwenye orodha ya akiba wameniweka.

Msaada wa fedha tarehe imepita. Kujitolea nimejaza fomu na wamenikubali, zamu mbili ukumbini, tiketi imeisha hapo. Bosi nimempelekea nusu ukurasa, nauli kakataa, siku kakubali zihesabike za kazi kwa sharti nirudi na kile kikao cha timu. Nauli najilipia, ipo, sikopi.

Kwahiyo naenda. Swali langu lililobaki ni hizo dakika tano, niandae slaidi au nionyeshe moja kwa moja kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri)?

#14 – (#4)

Hongera sana. Dakika tano usifanye moja kwa moja, mtandao wa ukumbini ukikataa zimeisha zote. Rekodi terminali yako kabla, fonti iwe kubwa ya kusomeka kiti cha mwisho, cheza ile rekodi huku unaongea juu yake. Slaidi moja mwanzoni yenye tatizo, moja mwishoni yenye ile amri ya kuzigundua indeksi mbovu uiache skrini mpaka watu wapige picha. Pima muda kwa sauti, sio kichwani, na ukizidi dakika nne na nusu nyumbani punguza.

Na lile pendekezo liandike upya wiki hii wakati bado unalikumbuka, kuna makongamano mengine yanapokea muda huu. Ukimaliza litupie hapa tulisome kabla hujatuma.

#15

Mleta uzi huyo jamaa wa mafungu na mimi nilishakwama kwenye kodi yake, pale anapogawa kwa vitambulisho (ID za kila safu ya jedwali) badala ya kuhesabu safu. Ukimpata muulize inakuwaje vitambulisho vikiwa na mapengo makubwa katikati, halafu njoo utuandikie hapa alivyojibu.